Kithitu cha Wahindi

Ijumaa, baada ya kuosha vyombo vya chai, Ndinda aliloweka ukwaju kwenye bakuli, akachota majivu jikoni, akaketi kwenye kigoda pale sebuleni kumsugua mama wa shaba, ile sanamu ya ukutani. Alianza juu kama kawaida: taji, masikio, mikono minne, tumbo. Alipofika miguuni aliona kwamba mguu wa kulia, ambao siku zote ulikuwa umekunjwa juu ya ua, umeteremka, na kidole gumba kinakaribia kugusa saruji. Aliusugua vilevile. Aliusugua hata kwa nyuma, kwa kuwa sasa nyuma palifikika, na palikuwa na uchafu wa miaka mingi. Kisha akaenda jikoni akaketi sakafuni.

Kutoka chumbani alimsikia Kasyoka, kitinda mimba wake, akikohoa. Kikohozi hicho kilikuwa kimeanza wiki ya kiapo. Ndinda aliogopa mpaka akasahau kunawa majivu mikononi.

Nyumba yao iko nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, hapo Migwani sokoni. Zamani ilikuwa ya Mhindi aliyeuza vitambaa. Mzee huyo alipofariki, mwanawe alikuja kumchukua mamake, Mama Hansa, aende kuishi naye ng'ambo, na Kiilu, mume wa Ndinda, akanunua duka, nyumba na vyote vilivyoshikizwa ukutani. Mama wa shaba alikuwa miongoni mwa vilivyoshikizwa. Urefu wake ulikuwa kama kutoka kiwiko mpaka ncha za vidole. Aliketi ndani ya kishubaka, shimo lililoachwa ukutani, akiutazama mlango, juu ya ua la yungiyungi, na tembo wawili wenye ukubwa wa ngumi walisimama ubavuni pake, wameinua mikonga kummwagia maji. Yule mwana alitaka kumng'oa aende naye. Alipoambiwa uzito wa mizigo inayoruhusiwa kwenye ndege, alibadili nia.

Mama Hansa alitumia asubuhi nzima kumweleza Ndinda. Tembo ni mvua. Yungiyungi huota kwenye tope na halichafuki. Mkono huu wa chini, wenye kiganja wazi, ni wa kutoa, ndiyo maana vidole vimeelekea chini. Kisha akamshika Ndinda mkono, akalisema la mwisho mara mbili.

"Hii mama nakaa. Ya nyumba lazima nakaa. Kama nasimama, nakwenda. Wewe angalia hiyo tu."

Ndinda aliitikia, kama mtu anavyomwitikia mzee aliye safarini. Kiswahili cha Mama Hansa kilikuwa cha kupimia vitambaa, na Ndinda hakujua kama amesema kukaa kwa maana ya kuketi au kukaa kwa maana ya kuishi. Alidhani bibi wa watu amechanganya. Baadaye angekuja kuona kwamba neno hilo halikuwa limechanganyika hata kidogo.

Yeye mwenyewe ni Mkatoliki, tena wa kuamka alfajiri. Wanawake wa jumuiya walipokuja kusali kwake, alimfunika mama wa shaba kwa kile kitambaa cha kufuma cha juu ya televisheni. Wote walijua kilicho chini ya kitambaa na hakuna aliyeuliza. Siku nyingine alimwacha wazi na kumsugua kila Ijumaa, kwa kuwa alipenda jinsi anavyong'aa jioni mlango ukiwa wazi. Hakuwa na nia nyingine. Lakini ukweli ni kwamba tangu wahamie hapo, kuku wake hawakuwahi kufa kwa kideri, na unga wake haukuwahi kuingia fukusi.

Kiilu ndiye aliyeliingiza neno kithitu nyumbani.

Kaloki, mdogo wake, alikufa akaacha mke, Katunge, na shamba kando ya mto. Mto wenyewe ni mchanga mtupu mwaka mzima, lakini pale kwa Kaloki ukichimba mchanga unakuta maji hata wakati Migwani yote inafukuzana na punda wa maji. Kiilu alisema marehemu alimuuzia shamba hilo kabla hajafa. Katunge alisema hapana. Alisema siku ya mwisho mumewe alitamka wazi kwamba shamba ni la mkewe, na Ndinda alikuwepo, akimshikia kikombe cha uji. Maneno yakaenda kwa wazee wa ukoo. Wazee walikula mbuzi wa Kiilu, wakala na wa Katunge, wakaona mbuzi wote wawili wana ladha moja. Ndipo mtu akasema waapishwe.

Kwa asiyejua, kithitu ni kitu cha kiapo cha Wakamba. Hufichwa porini, hakiingizwi nyumbani, na mwenye akili hapiti karibu yake. Anayekiapia uongo hufa. Asipokufa yeye, hufa wa damu yake, mmoja baada ya mwingine, kikianza na walio dhaifu, mpaka ukweli usemwe na ukoo utakaswe. Wakamba wanacheka mambo mengi, hilo hawalicheki. Shida ilikuwa kukipata. Serikali haikitaki, kanisa halikitaki, na mzee wa mwisho aliyekuwa nacho upande huo alikuwa ameokoka.

Kiilu akawaambia wazee kwamba kwake kuna kitu cha kiapo. Ni cha Wahindi, alisema, lakini hata wao hawakuwa wanacheza nacho. Walikiwashia taa asubuhi na jioni. Mzee Mutie, mkuu wa ukoo, alifikiri kwa muda mrefu, akasema kithitu hakina kabila.

Hakuna aliyefikiria kumuuliza mwenyewe, Mama Hansa. Mwenyewe alikuwa ng'ambo kwenye baridi, na isitoshe watu wakishaogopa kitu huona wamekwisha kukijua. Ndinda, aliyeambiwa asubuhi nzima kwamba huyu ni mama wa kukaa na kutoa, alinyamaza, kwa sababu jioni iliyotangulia Kiilu alikuwa amemwambia huku akicheka kwamba kile kishaba hakisikii Kikamba.

Waliapa Jumamosi, sebuleni. Kiilu alivua viatu, akampiga mama wa shaba kwa vijiti mara saba kama desturi inavyotaka, akatamka kwamba ikiwa Kaloki hakumuuzia shamba, kitu hiki kimle. Shaba iliitika kila pigo kwa sauti nyembamba iliyokaa hewani. Kisha ikawa zamu ya Katunge. Katunge ni mwanamke mrefu, mpole, wa kuongea kama anapima maneno kwa kibaba. Hakuvigusa vijiti kwanza. Alimgeukia Ndinda.

"Mama Kasyoka, siku ile tulikuwa na wewe. Sema tu vile alisema."

Ndinda alikumbuka kikombe, alikumbuka uji uliomwagikia shuka, na alikumbuka kila neno. Alimtazama mumewe. Kiilu alikuwa akivaa soksi.

"Nilikuwa jikoni," alisema Ndinda.

Katunge alingoja kidogo, kama mtu anayesubiri chenji. Kisha akavichukua vijiti akaapa kiapo chake polepole. Mzee Mutie akatangaza kwamba wote wameapa, na mmoja wao ameapa uongo; shamba libaki lilivyo, Katunge akae humo, mpaka kitu chenyewe kionyeshe mtu wake. Watu wakaenda nyumbani wakikikwepa kishubaka kwa mbali, na tangu siku hiyo kukawa na kungoja.

Kungoja huko kulimmaliza Ndinda. Kasyoka alianza kukohoa siku mbili tatu baada ya kiapo, na kliniki wakasema ni vumbi, wakampa dawa ya maji. Ndinda aliweka godoro sakafuni karibu na kitanda cha mtoto. Alilala ameweka kiganja juu ya kifua cha mtoto ili kikisimama mkono wake uwepo. Kila kifua kiliponyamaza kidogo, moyo wake nao ulinyamaza. Mchana alikuwa akiacha sufuria motoni na kukimbia uani kuangalia kama mtoto bado amesimama. Alijua kithitu huanza na walio dhaifu, na kwake mdhaifu alikuwa mmoja tu.

Kiilu naye, ingawa alipiga mbinja dukani, alikuwa na hofu yake. Alienda Kitui kupimwa presha na sukari. Aliacha kupanda ngazi ya duka. Usiku alikuwa akimwamsha mkewe amuulize kama anasikia kitu, na Ndinda alikuwa hajalala.

Ndipo mguu ukateremka. Ndinda alipomwonyesha, Kiilu alitazama kwa jicho la muuza saruji, akasema nyumba za zamani hushuka. Alichanganya saruji na mchanga kwenye karai, akaufunika mguu mpaka kwenye kifundo, akalainisha vizuri kwa mwiko. Kesho yake saruji ilikuwa imesukumwa kando, imekusanywa mahali pamoja, kama sahani ya mgeni aliyeshiba. Mguu ulikuwa sakafuni mwa kishubaka, na goti la pili limeinuka. Kiilu alirudisha karai dukani na hakulitaja tena.

Kuanzia hapo mama wa shaba aliinuka bila haraka, kama anavyoinuka mtu aliyekaa muda mrefu. Siku moja mgongo umeacha kuegemea. Siku nyingine tembo wameteremsha mikonga. Kile kiganja kilichokuwa wazi kilianza kukunja vidole, na Ndinda, akikisugua Ijumaa, alilazimika kupitisha kipande cha gunia katikati ya vidole kwa ncha ya kijiti. Aliendelea kumsugua kwa sababu aliogopa kuacha. Shaba ilikuwa ya vuguvugu mkononi.

Jirani yao Tima alikuja kurudisha chekecheo akamkuta akisugua. Tima anauza leso na mabuibui duka la pili. Ukoo wake ni wa Mwingi, lakini amezaliwa hapo sokoni na alimjua Mama Hansa tangu utotoni. Alisimama mlangoni, akatazama.

"Huyu anataka kutoka," alisema.

Ndinda alisema hata yeye anaona hivyo. Tima akamsimulia kwamba aliwahi kumwona akiinuka wakati wa Mama Hansa. Mzee, mumewe, alikuwa amekata ufito wake wa kupimia vitambaa ukapungua vidole viwili. Yule mama aliinuka akafika mpaka ukingoni, amesimama kabisa, na Mama Hansa alilia siku nzima. Mzee akauvunja ule ufito, akawaita wateja mmoja mmoja akawakatia kilichopungua, na mama wa shaba akarudi chini akakunja miguu.

Ndinda aliuliza kama huyu huua watu. Tima alishangaa kwa swali hilo kuliko alivyoshangaa kwa kuinuka.

"Aue nini? Yeye akichoka na nyumba anaenda, basi. Mimi dini yangu hainiruhusu kuongea na huyo. Lakini mgeni akitaka kutoka, unamuuliza nani amemkosea, haumshiki nguo."

Ndinda alimsikia. Tatizo ni kwamba hofu ya Kikamba aliipata tumboni mwa mamake, na maneno ya Tima aliyapata mlangoni. Aliyaamini mchana. Kikohozi kilipoanza jioni, aliamini kithitu.

Jioni moja Kiilu akiwa barazani anakunywa chai, Ndinda alimwambia kwamba waende kwa Mzee Mutie waseme ukweli, watakaswe, shamba lirudi kwa Katunge, na mtoto apone. Alikuwa amejiandaa kwa makofi. Kiilu hakumpiga wala hakupaza sauti. Alizungusha chai ndani ya kikombe.

"Ukisema, utakuwa umesema ulidanganya mbele ya kithitu," alisema. "Mimi niliapa, lakini wewe ndiye shahidi. Sasa wewe jiulize. Kitaanza na mimi ama na mtoto wako?"

"Ni mtoto wetu."

"Basi mnyamazie."

Kulikuwa na njia ya kutoka, Ndinda alionyeshwa na Tima, lakini mumewe alikuwa amemweka Kasyoka katikati ya njia hiyo, na yeye hakuwa na moyo wa kumruka mtoto wake. Alilia jikoni, akaosha uso, akapakua chakula.

Mama wa shaba alitoka siku ya soko, saa sita mchana. Ndinda alikuwa sebuleni anachagua ndengu kwenye ungo. Mama alisimama wima, akashika ukingo wa kishubaka, akateremka juu ya meza ya televisheni. Aliwageukia tembo, akawateremsha mmoja mmoja. Kutoka mezani alishukia kochi, akishika kitambaa cha kufuma asiteleze, na kutoka kochi akashuka sakafuni. Alitembea kwa hatua fupi, nyayo zikilia juu ya saruji kama vijiko. Ule mkono wa kutoa ulikuwa umefumbwa kabisa. Ndinda alivuta ungo ampishe. Uso wa shaba ulikuwa uleule, si wa hasira wala wa huruma, naye alipita bila kumtazama, tembo wakimfuata.

Ndinda alichukua leso, akamfunga Kasyoka mgongoni ingawa mtoto alikuwa amepita umri wa kubebwa, akatoka nyuma yao. Hakujua anafuata nini. Aliogopa kubaki ndani peke yake.

Kiilu alikuwa kaunta akipima misumari. Alimwona mama wa shaba anatokea kwenye kichochoro, anakaribia mlango wa duka. Mkono wake uliganda ndani ya misumari. Mama alifika mlangoni, akapita. Tembo nao wakapita. Kiilu aliketi juu ya mfuko wa saruji, akafunika uso akalia kwa sauti, na mteja wake akaichukua misumari mwenyewe.

Sokoni walimpisha. Mwenye mahindi alivuta gunia. Vijana wa bodaboda walizima pikipiki, mmoja akamsimamishia lori avuke barabara. Mwenye bucha alishusha pazia la dirisha. Hakuna aliyeuliza kama shaba inaweza kutembea. Waliulizana, kwa sauti za chini, inaenda kwa nani. Kithitu cha Wahindi kimetoka, walisema, kinatafuta mtu wake. Mzee Mutie aliacha chai yake hotelini, akachukua fimbo, akatangulia mbele ya watu, na umati ukateremka njia ya mtoni.

Ndinda alipoona njia hiyo, alielewa. Hofu iliyomjaa ilimpisha kidogo, akaelewa kila kitu mara moja. Yule mama alikuwa amechoka na nyumba ya waongo, anahamia kwa aliyedhulumiwa. Alikuwa anampelekea Katunge mvua, na mkono wa kutoa. Hapakuwa na kifo chochote ndani yake. Katika umati wote huo, mwenye kujua hilo alikuwa yeye peke yake.

Katunge alikuwa anamwagilia sukuma kwa kopo. Aliwaona watu kwanza, halafu akaona kilichowatangulia. Alidondosha kopo. Alijua alichoapa, alijua ni kweli, lakini mtu akikiona kithitu kinaingia kwake hajiulizi tena alichoapa. Alikimbilia ndani akafunga mlango kwa komeo, akasukuma kitanda nyuma yake. Watu walisikia miguu ya kitanda ikiburuzwa.

Mama wa shaba alifika kizingitini. Alitazama mlango uliofungwa. Kisha akageuka, akaketi, akakunja mguu wa kulia, akakunja na wa kushoto, na vidole vya mkono wa chini vikafunguka kimoja kimoja. Tembo wakainua mikonga. Pale mtoni, kisima cha Katunge kilichochimbwa mchangani kilijaa mpaka ukingoni, maji yakaanza kumwagikia sukuma. Vitunguu vilivyolala viliinuka. Watu walirudi nyuma maji yasiwaguse viatu.

Mzee Mutie alivua kofia. Alisema kithitu kimeonyesha mtu wake, na aliyekuwa na shaka aangalie mwenyewe kimeketi kwa nani. Hakusema kwa furaha. Alimpenda Katunge, na alisema hivyo pia, kwamba alimpenda. Wazee wenzake waliitikia. Ikawa imekwisha.

Dirisha la Katunge lilikuwa na kipande cha ubao badala ya kioo. Ubao ulisogea. Alimtafuta Ndinda kati ya watu, akamwona.

"Mama Kasyoka," alisema. "Wewe ulikuwepo. Nakuomba sasa."

Watu wote waligeuka kumtazama Ndinda. Alifungua mdomo. Maneno yalikuwa tayari, yalikuwa machache, hata mtoto angeweza kuyasema. Wakati huohuo alihisi mgongoni kitu ambacho hakukijua haraka ni nini, kisha akakijua. Kasyoka alikuwa amelala, na kifua chake kilikuwa kikipanda na kushuka bila mkwaruzo wowote, kisafi. Hakuwa amekohoa tangu watoke nyumbani. Ndinda alisikiliza pumzi hiyo. Hakujua kama ni dawa ya maji, au ni hewa ya mtoni, au ni kwamba kitu kimetoka kwake kimeingia kwa mwingine. Alijua kwamba akitamka neno moja, huenda kikarudi. Raha iliyomwingia ilikuwa kubwa hata akaionea aibu, na aibu ikaja imechelewa.

"Nilikuwa jikoni," alisema tena.

Ubao ulirudi mahali pake.

Katunge aliondoka siku iliyofuata alfajiri, kwa mlango wa nyuma, na begi moja. Alienda Malili kwa dadake. Mama wa shaba aliamka pale kizingitini, akawateremsha tembo kwenye kijinjia, akamfuata kwa miguu. Walioamka mapema kukamua ng'ombe walimwona akipita, wakamwachia njia. Kiilu alipewa shamba mbele ya mashahidi, akaweka ua wa waya. Kisima kilirudi chini siku hiyohiyo. Ndengu alizopanda zilitoa majani mazuri sana bila ganda hata moja, na Kiilu akasema ni mbegu, na watu wakakubali kwamba siku hizi mbegu ni za uongo. Wanamsalimu sokoni kama kawaida. Amechaguliwa kwenye kamati ya maji.

Habari za Katunge huletwa na Idris, kakake Tima, mwenye lori la mbuzi linalopita barabara ya Mombasa. Alisema pale Malili Katunge alipanga nyanya mezani, na nyanya zake hazikuoza, na wateja waliacha meza nyingine wakaja kwake. Lakini alikuwa amekonda. Aliuza akitazama nyuma. Mama wa shaba alipofika, akaketi chini ya meza na kufungua kiganja, watu wa hapo walitaka kujua ni nini, na mtu wa Migwani aliyekuwa akishuka kwenye basi akawaambia. Dadake mwenyewe ndiye aliyemfungia begi. Kutoka hapo alienda Makindu, akala na wasafiri wengine kwenye hekalu la Kalasinga, ambapo kila anayeingia hupewa chakula bila kuulizwa. Tembo walimngojea nje ya lango, kivulini. Alipowaona, alitokea upande mwingine.

Kila anapokwenda anapanda kitu na kitu hicho kinakubali. Hajawahi kungoja akivune. Idris alisema kwamba amemwona kwa macho yake akikimbia kando ya reli, begi kichwani, na nyuma yake, mbali sana, kile kishaba kinang'aa kinakuja kwa hatua zake fupi, mkono mmoja kimeunyoosha.

Juzi Idris alisimamisha lori mbele ya duka, akaingia uani kwa Ndinda. Alikuwa na ujumbe. Alikaribishwa chai, akaikataa kwa kuwa mbuzi walikuwa juani. Alisema Katunge hataki shamba tena, na hana kisasi na mtu. Anauliza neno moja tu. Kwa kuwa Mama Kasyoka aliishi na kile kitu miaka mingi, akikisafisha kwa mikono yake, labda anajua kinataka nini kwake. Akiambiwa, atakipa, apumzike.

Ndinda alikuwa ameshika bakuli la ukwaju. Kishubaka ukutani hakikuwa na mama tena, ndani yake Kiilu ameweka redio. Alijua jibu. Lilikuwa jibu jepesi, la kumfanya mwanamke asimame popote alipo, aweke begi chini, ageuke. Lakini anayelijua jibu hilo ndiye anayejua pia kwa nini yule mama aliihama nyumba hii, na Kiilu alikuwa amesimama mlangoni pa duka akisikiliza, na uani kulikuwa na Kasyoka.

"Mwambie sijui," alisema.

Idris aliona hilo nalo ni jibu. Aliaga, akapanda lori lake, akaelekea Mwingi kupakia wengine. Kasyoka alikuwa anaruka kamba na watoto wa Tima, na alikuwa anaimba kwa sauti kubwa, bila kukata pumzi.